Chumvi Kwenye Chai ya Mawaziri

Ukisikia watu wanamwita Mama Birika usidhani wanamtania. Jina hilo analipenda mwenyewe, na ukimwita kwa jina lake la kuzaliwa atakutazama mpaka utafute pa kujificha. Ndiye mkuu wa jiko la ukumbi wa halmashauri, ule wenye madirisha marefu na viti vya plastiki vya bluu, mtaa mmoja tu kutoka mtoni. Kazi hiyo ameifanya tangu nywele zake zote zilipokuwa nyeusi. Amewapikia chai wakaguzi, walimu, maharusi, wagombea walioshinda na walioshindwa, na atakwambia bila kumung'unya maneno kwamba walioshindwa ndio wanaokunywa nyingi.

Ni mfupi, amejaajaa, na sauti yake hufika mahali kabla yake. Kazini hana mchezo. Kikombe chenye ufa hakitoki jikoni kwake, ng'o, hata kama mgeni ni karani wa kujitolea. Msaidizi wake ni mwanamke mwembamba, mrefu, mpole, anayeitwa Kijiko, na wawili hao wamefanya kazi pamoja muda mrefu kiasi kwamba hugombana bila kufungua midomo.

Sasa, mto. Mto ule ndio mpaka. Huku nchi hii, ng'ambo nchi ile, na juu yake daraja la chuma lenye lango kila upande. Zamani malango hayo yalikuwa mapambo tu. Watu walivuka asubuhi na kurudi jioni, wengine na baiskeli, wengine na mbuzi, wengine na mchumba. Kiwanda cha sukari kiko ng'ambo, mashimo ya chumvi yako huku, kwa hiyo malori yalipishana darajani mchana kutwa, hili limebeba tamu na lile limebeba chungu, na madereva wakitukanana kwa upendo.

Nani alianza ugomvi? Muulize yeyote, kila mtu ana jibu lake na yuko tayari kukukaba shati ukimkatalia. Kilichojulikana ni kwamba huku walipandisha ushuru, kule wakapandisha zaidi, huku wakazuia malori, kule wakazuia malori na madereva wake. Siku moja askari wa upande mmoja akapiga risasi hewani. Wa upande wa pili akajibu, na hakupiga hewani. Hakufa mtu, kwa bahati tu, lakini kesho yake malango yote mawili yalifungwa kwa makomeo na minyororo.

Redio ilikuwa na mambo yake siku zote: meli zimezuiwa huko, mafuta yamepanda kule, dola imepaa, wakubwa wa dunia wananuniana na kutishiana. Watu wa mtaa walikuwa wakisikiliza, wakitikisa vichwa, kisha wakiuliza kama maji yatatoka leo. Yalikuwa mambo ya mbali. Ghafla mambo ya mbali yakahamia mtaani, yakakaa, na sukari ikawa ya kutafutwa kwa tochi.

Lakini Mama Birika hakuwa analilia sukari. Alikuwa analilia mama yake.

Bibi huyo, maana mtaa mzima walimwita Bibi, alikuwa amevuka wiki moja tu kabla ya malango kufungwa, kwenda kumwona mjukuu mchanga. Mdogo wake Mama Birika ameolewa ng'ambo, ndiye aliyejifungua. Bibi alibeba mkoba mmoja, wa kukaa siku chache. Sasa ulikuwa mwaka wa pili. Mtoto aliyekwenda kumpakata alikuwa anatembea na kuvunja vyombo, na Bibi bado yuko kwa mkwe, na kwa mkwe, jamani, hata upendwe vipi, unakaa kwa adabu. Simu zilipita, lakini Bibi hakuzitaka. Akipewa simu husema "haloo" mara moja, halafu huirudisha. "Siwezi kuongea na kisanduku," alikuwa akisema. "Mwanangu namjua kwa uso."

Mama Birika alijaribu kila njia. Alikwenda ofisi ya uhamiaji akaambiwa aende mkoani. Mkoani akaambiwa suala lake ni la kimataifa. "La kimataifa!" alifoka mbele ya Kijiko alivyorudi, viatu mkononi. "Mama yangu mzazi, aliyeninyonyesha, leo ni suala la kimataifa!" Boti za magendo zilikuwepo, ndiyo, ila zilipigwa risasi, na Bibi mwenyewe aliapa kwamba hakuzaliwa mwizi na hatarudi kwake kwa kujificha kama mwizi. Haambiliki, yule bibi. Binti kamrithi.

Ndipo ikatangazwa kwamba mawaziri wa nchi mbili watakutana kuzungumzia daraja, na watakutana wapi? Ukumbi wa halmashauri. Mama Birika alipopata habari alikaa juu ya gunia la mkaa, akajishika kifua, akasema, "Kijiko, watu wanaomshikilia mama yangu watakunywa chai yangu." Kisha akainuka akaanza kusugua birika.

Wajumbe wa ng'ambo waliletwa kwa boti ya serikali, maana kuwafungulia daraja kungekuwa kulifungua daraja, na hilo ndilo walilokuwa wamekuja kugombania. Waziri wao alikuwa mwanamke mrefu, mtu mzima, mwenye miwani ya kamba shingoni, asiyecheka ovyo. Waziri wa huku alikuwa mwanamume mpana aliyekohoa kabla ya kila sentensi. Palikuwa pia na msuluhishi wa kimataifa kutoka mbali sana, mwenye uso wa kuchoka. Huyo aliondoka siku ya pili. Aliomba radhi, akasema kuna vita kubwa zaidi mahali pengine. Watu wakamsindikiza mpaka kwenye gari, wakiona haya kidogo kwamba vita yao ni ndogo.

Aliyewatesa jikoni hasa hakuwa waziri, alikuwa Afisa Itifaki. Kijana wa kutoka makao makuu, suti imenyooka, viatu unaweza kujitazama. Amri yake ilikuwa moja: hakuna upande utakaotangulizwa kwa lolote. Kila upande una chumba chake cha kupumzikia, kimoja kushoto kwa korido na kimoja kulia. Birika mbili zinazofanana. Trei mbili zinazofanana. Biskuti idadi sawa, na iliyovunjika itolewe. Mama Birika asimame mlango wa kushoto, Kijiko wa kulia, yeye Afisa asimame katikati na leso nyeupe, na leso ikishuka, wote wawili waingie kwa mguu mmoja.

"Mguu gani?" Mama Birika aliuliza.

"Wowote, mama, mradi uwe mmoja."

"Mwanangu, mimi nimeshaleta chai hapa wewe ukiwa bado unanyonya."

"Najua, mama. Lakini vita vimewahi kuanza kwa kikombe."

Wakafanya mazoezi. Kijiko miguu mirefu, alikuwa anafika mezani mapema, wakarudia tena na tena mpaka Mama Birika akajifunza kurefusha hatua na Kijiko akajifunza kujikunja. Kila mapumziko leso ilishuka, na milango miwili ikafunguka kwa mpigo. Mama Birika hakukubali kusema, ila moyoni aliona raha. Kazi iliyopangwa vizuri humfanya mtu atembee kifua mbele.

Siku ya kwanza walizungumzia ushuru, wakapatana. Siku ya pili malori, wakapatana. Askari warudi nyuma pande zote, wakapatana pia. Siku ya tatu asubuhi likabaki jambo moja tu, nalo ukilisikia unaweza kutamani kuwatandika bakora watu wazima: nani atafungua lango lake kwanza. Huku walisema aanze wa ng'ambo, maana ndiye aliyefunga wa kwanza. Ng'ambo wakasema waongo wakubwa ninyi, anzeni ninyi. Tufungue pamoja basi? Ndiyo, lakini kwa ishara ya nani? Ya jenerali wenu? Thubutu! Ya wenu? Wapi! Wakabishana mpaka kikohozi cha waziri wa huku kikasikika jikoni.

Na asubuhi hiyohiyo, Mama Birika akiwa anawasha jiko, mdogo wake alipiga simu.

"Dada, Mama kifua kimembana. Tangu juzi."

"Tangu juzi ndiyo unaniambia leo?"

"Alinikataza. Dada, daktari amekuja, amesema... amesema tuwaarifu ndugu."

Mama Birika alijua maana ya kuwaarifu ndugu, nani asiyejua. Mdogo wake alianza kulia, mtoto akaanza kulia nyuma yake, halafu salio likaisha. Mama Birika akabaki ameshika simu, na kutoka dirishani mwa jiko lile unaliona daraja lote, chuma baada ya chuma, mpaka lango la ng'ambo. Ukipiga mbinja ng'ambo wanakusikia. Hasira ilimpanda mpaka macho yakaona giza.

Hapa inabidi nikueleze habari ya makopo, usije ukamlaumu bure.

Sukari ilipoadimika, jiko la halmashauri lilianza kupata wageni. Mlinzi anapita kuuliza saa, anaondoka mfuko umetuna. Karani anakuja kuazima kiberiti. Hata mhasibu, mtu mzima na tai yake, alikutwa amechovya kijiko. Mama Birika hakugombana na mtu. Alichukua kopo lililoandikwa CHUMVI akatia sukari, na kopo lililoandikwa SUKARI akatia chumvi, akamwambia Kijiko peke yake, wakanyamaza. Siku chache baadaye mhasibu alishinda ofisini na uso wa mtu aliyemeza sabuni, na tangu hapo sukari ikawa salama. Mama Birika alijisifia jambo hilo mno. Mkono wake ulishazoea kwenda kwenye kopo la CHUMVI bila kufikiri.

Ila asubuhi ile mkono haukuwa na mwenyewe. Machozi yalikuwa yanamtiririka, mawazo yako ng'ambo kitandani kwa mama yake, na macho yalipoona neno SUKARI yakaamini, kama macho ya mtu yeyote. Alitia vijiko vilivyojaa, birika ya kwanza, birika ya pili, sawasawa kabisa kama Afisa Itifaki alivyoagiza.

Mapumziko yakaja. Wajumbe walitoka ukumbini wamenuna, kila kundi likaingia chumbani kwake. Nje madereva walishaambiwa wawashe magari, na boti ya ng'ambo ilikuwa inapasha injini. Chai hiyo ilikuwa ya kuagana kwa ubaya. Leso ikashuka, milango ikafunguka, Mama Birika akamimina, akatoka, na kabla hajafika jikoni akasikia kelele.

Mlango wa kulia ulifunguka kwa kishindo. Mlinzi wa waziri wa ng'ambo, jitu la mabega, alitoka na kikombe mkononi akipiga ukelele, "Msinywe! Mheshimiwa, usimeze! Wametia kitu!" Mlango wa kushoto nao ukafunguka, watu wa huku wakatoka wakitema mate kwenye leso, wakiuliza nani kawafanyia hivi. Korido ikajaa. Mmoja akasema sumu. Mwingine akasema njama. Askari wa huku wakashika bunduki zao, mlinzi wa ng'ambo akaingiza mkono ndani ya koti, na Afisa Itifaki alisimama katikati na leso yake, anawaona wote wanaelekea kuuana mbele yake kwa kikombe kama alivyotabiri.

Mama Birika alielewa papo hapo. Aliona kopo lile akilini kama limewekwa puani pake. Angeweza kunyamaza, angeweza kukimbilia mlango wa nyuma, na nadhani mimi ningekimbia. Yeye alipenya katikati ya bunduki, mfupi vile, akamnyang'anya yule mlinzi kikombe na kukinywa chote. Chote! Uso ulimkunjamana mpaka macho yakapotea.

"Si sumu," alisema akihema. "Ni chumvi. Nimetia chumvi mimi. Pande zote mbili mmekunywa ileile, birika zote nimezikoroga kwa mkono huu."

"Chumvi?" aliuliza waziri wa ng'ambo, akitokea nyuma ya mlinzi wake.

"Chumvi, mheshimiwa. Sukari nimeificha kwenye kopo la chumvi, kwa sababu hapa sukari inaibwa. Inaibwa kwa sababu haipo, na haipo kwa sababu daraja limefungwa. Na leo nimekosea makopo kwa sababu mama yangu yuko huko kwenu, anaumwa, nimepigiwa simu tuarifiane. Naiona ng'ambo yote kwa dirisha la jiko na siwezi kwenda. Haya, nifukuzeni kazi. Nifungeni. Mmeshanifunga tayari."

Mtu alikuwa bado anatema mate, akaacha.

Yule mama mrefu alivaa miwani yake, akamtazama, akatazama kikombe. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. "Kwetu," alisema, "kwetu watu wanapika mboga bila chumvi mwaka wa pili. Dada yangu mimi alinisihi nikipata hata ya kufunga kwenye leso nimpelekee. Na ninyi mnatia kwenye chai!"

"Tungetia sukari," waziri wa huku alijibu, akakohoa, "kama msingekuwa mmeikalia."

Na hapo yule mama akacheka. Si kicheko cha waziri, kile cha kwenye picha. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Wa huku naye akacheka, akashikwa na kikohozi, na ikaonekana kikombe chake mkononi ni kitupu. "Nimemaliza," alikiri. "Nilidhani ndiyo chai ya itifaki." Basi korido nzima ikaangua kicheko, jitu la mabega likatoa mkono kwenye koti likajifuta machozi, na ukitaka kujua, mkononi lilikuwa na kitambaa tu.

Usije ukadanganywa kwamba chai ndiyo iliyoleta amani. Wako wanaosema hivyo siku hizi, na Mama Birika huwakatiza. Makubaliano yote yalikwisha andikwa kabla, na waliochoka walikuwa wamechoka tangu zamani. Ila ni kweli kwamba ile ilikuwa mara ya kwanza wamesimama pamoja bila meza katikati. Kijiko alileta chai mpya, yenye sukari safari hii, wakainywa palepale koridoni, wote wamechanganyika.

Waziri wa ng'ambo alikuwa anamtazama Afisa Itifaki. "Kijana," alimwita. "Siku tatu nimekuwa nikikusubiri ukosee. Chai, viti, milango, biskuti. Hujanitanguliza, hujanichelewesha. Wewe ni mtu wa upande wao, na bado sijaona siku umewapendelea."

"Ndiyo kazi yangu, mheshimiwa," alisema Afisa, jasho linamtoka.

"Basi ishara ya darajani utatoa wewe. Na hiyo leso yako. Askari wao simwamini, wala wao hawamwamini wangu. Lango la huku afungue mama huyu. La kwetu atafungua mama anayenipikia chai ofisini, naye ana mdomo kama huyu." Akamgeukia mwenzake. "Unasemaje?"

Waziri wa huku alikohoa. "Nasema tusaini kabla hatujapoa."

Walisaini kabla ya adhuhuri. Mama Birika alipiga simu ng'ambo kwa salio aliloazima kwa mhasibu, mhasibu hakuthubutu kukataa. "Mwambie Mama kesho asubuhi," alimwambia mdogo wake. "Mwambie asiende popote. Unanisikia? Mwambie nakuja!" Kisha akasikia sauti ya mama yake mwenyewe, nyembamba, ikikwaruza, "Haloo." Safari hii hakuirudisha simu mara moja. Alipumua tu humo, na binti akasikiliza pumzi hizo mpaka salio likaisha tena.

Kesho yake mji mzima ulikuwa mtoni. Watu walipanda juu ya paa za maduka, juu ya malori yaliyoota majani kwenye matairi kwa kusimama. Ng'ambo nako ni vichwa tu, mpaka huoni udongo. Afisa Itifaki alisimama katikati ya daraja peke yake, suti imenyooka, leso juu. Mama Birika alisimama mbele ya lango la huku, mikono miwili kwenye komeo, minyororo imekwisha kukatwa. Ng'ambo aliona kimtu kingine cha kike kimeshika lango lao. Roho ilikuwa juu juu. Alikuwa hajalala, na hakujua kama usiku umempa mama yake nafasi ya kuamka, maana simu ya mdogo wake ilikuwa haipatikani tangu alfajiri.

Leso ikashuka.

Lango la ng'ambo likafunguka, kelele zikapanda mbinguni. Lango la huku halikusogea. Mama Birika alivuta komeo, komeo likagoma. Kutu, jamani, kutu ya mwaka wa pili ilikuwa imelishika kama ndoa ya lazima. Alivuta tena. Kelele za ng'ambo zikaanza kufifia, na ule ukimya ulikuwa mbaya. Huko kwao lango wazi, huku limefungwa, na kila mtu aliyesimama pale alijua hiyo inaonekanaje. Askari wa ng'ambo wakaanza kujipanga upya. Afisa Itifaki akawa anageuza shingo huku na huku, leso chini, uso wa mtu anayezama.

"Wewe komeo!" Mama Birika alilipigia kelele. "Wewe ndio utakuwa wa mwisho kunizuia? Wewe?"

Akarudi nyuma hatua kadhaa, akapandisha gauni, akaja mbio akalipiga lango kwa bega. Likalia. Akarudi tena. Mara ya pili Kijiko alikuwa naye, na mara ya tatu alikuwepo mhasibu, tai imegeukia mgongoni, na mlinzi wa ukumbi, na madereva, na wanawake wa sokoni, wote bega kwa bega, na askari wa huku mmoja aliyetupa kofia chini akasema potelea mbali. "Harambee!" mtu alipiga ukelele, na komeo likaruka hewani kwa mlio uliosikika mpaka kiwandani. Lango likafunguka kwa nguvu hata nusu yao wakaanguka chini, wakicheka, wakipiga vigelegele wakiwa wamelala kifudifudi.

Mama Birika hakuanguka. Alikuwa ameshaanza kukimbia.

Afisa Itifaki alimwona anakuja, akakumbuka kwamba ratiba inasema mawaziri ndio wa kwanza kuvuka, akafungua mdomo. Akaufunga. Alimpisha, na wanaosema kwamba alimpigia makofi wanasema kweli.

Kutoka ng'ambo, katikati ya umati, ulikuwa unakuja mkokoteni. Shemeji yake anausukuma, mdogo wake pembeni na mtoto mgongoni, na juu yake, kwenye godoro lililokunjwa, amekaa Bibi, mkoba wake mapajani. Alipomwona binti yake alimpiga mkwe wake mkono. "Simamisha."

"Mama, daktari amesema usi..."

"Simamisha, nimesema. Sitaki anikute nimebebwa kama gunia."

Akashuka. Alishuka mguu mmoja, akapumua, akashuka wa pili, akasimama. Mtu hakumshika, maana alimkazia jicho kila aliyejaribu. Akaanza kutembea, polepole, mkoba mkononi, na watu wa ng'ambo wakampisha njia mmoja mmoja. Askari kijana alimsogelea. "Bibi, bado hawajaruhusu raia."

"Yule pale ni mwanangu," Bibi alimwambia, bila kusimama. "Wewe huna mama?"

Askari akasogea kando.

Walikutana juu ya maji. Mama Birika akaanza kumshika mama yake mashavu, mabega, mikono, kuhakikisha vyote vipo. Bibi alikuwa amekonda, kifua kinapiga filimbi, lakini macho yaleyale ya kukosoa yalimpanda na kumshuka.

"Umenenepa," alisema.

"Mama! Walisema tuarifiane! Nilidhani sikukuti!"

"Niliwasikia. Wananong'ona kama mimi kiziwi. Nikamwambia yule daktari, mwanangu, mimi sasa hivi sina nafasi ya kufa, nafuatwa na binti yangu." Akakohoa, akayumba, na kwa mara ya kwanza akamshika mtu mkono. "Nimechoka lakini. Nipeleke nyumbani."

Mama Birika aligeuka, akachuchumaa, akampandisha mama yake mgongoni kabla hajapata muda wa kukataa. Alikuwa mwepesi mno, na hilo lilimchoma. Akainuka naye. Pande zote mbili za mto zililipuka kwa vigelegele, malori yakapiga honi, waziri wa ng'ambo alikuwa amevua miwani na wa huku anakohoa kwa kulia.

"Nishushe," Bibi alimnong'oneza sikioni, kwa ukali. "Nishushe, watu wanatuona."

"Waache waone, Mama," alisema Mama Birika, akamkaza vizuri mgongoni, akavuka naye.